Nyayo za sungura wa ndani zikitoka upara au vidonda: anza na sakafu

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile: "Sungura wangu ametoka upara kisiginoni, nimpake dawa gani?" Mara nyingi huambatana na picha, na pichani mnyama amekaa juu ya vigae vinavyong'aa au juu ya waya wa banda. Jibu limo humohumo pichani. Hata ukimpaka dawa bora kuliko zote, ukimrudisha palepale kidonda kitarudi naye. Kwa hiyo hapa tunaanza na sakafu, tunapita kwenye choo, kucha na uzito, ndipo tunafika kwenye dawa. Kama tayari unaona damu, usaha au uvimbe, ruka hadi hatua ya 8 na umpigie daktari leo. Hayo mengine utayafanya ukisharudi.

Kwa nini nyayo, tena za nyuma

Paka na mbwa wana mito ya ngozi ngumu chini ya vidole. Sungura hana. Kati ya mfupa wake na sakafu kuna ngozi nyembamba na manyoya, basi. Akiwa kwenye udongo au majani, kucha huzama kidogo na vidole vikabeba sehemu ya uzito. Kwenye sakafu ngumu kucha hazina pa kuzama, vidole husukumwa juu, na mzigo unaegemea kisigino. Manyoya hulika, ngozi inabaki wazi na kubanwa muda wote, damu haifiki vizuri, mwishowe inapasuka na bakteria kama Staphylococcus aureus wanaingia. Ikiachwa, maambukizi hufika kwenye kano na kwenye mfupa, na hapo kumponya ni kazi ngumu mno.

Walio hatarini zaidi ni sungura wazito kama Flemish Giant na New Zealand White, wanene wa aina yoyote, wazee wenye viungo vinavyouma, na Rex, ambaye manyoya yake ya nyayo ni mafupi na mepesi kwa maumbile. Ukiwa na Rex, usisubiri upara ndipo uanze.

Andaa hivi kwanza

- Taulo kubwa, tochi ya simu, na mtu wa pili wa kukusaidia kumshika.
- Mablanketi ya flisi (fleece, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi) matatu au manne. Ya mtumba yanafaa kabisa, na ukinunua sokoni utachagua mazito kwa bei nafuu. Yafue mara mbili kwa sabuni isiyo na harufu kali kabla ya kuyatumia.
- Nyasi kavu za kutosha. Kenya utapata marobota ya Boma Rhodes. Kwingine ukoka uliokaushwa vizuri juani unatosha.
- Beseni pana la plastiki la kumfanyia choo, na magazeti ya zamani.
- Kikata kucha (cha paka au hata cha binadamu kilicho kikali) na kijiko cha konflawa.
- Chumvi ya mezani, maji yaliyochemshwa yakapoa, na shashi safi kutoka duka la dawa. Pamba usitumie, nyuzi zake hubaki kwenye kidonda.
- Mizani. Kama ya jikoni ni ndogo, jipime ukiwa umembeba, kisha ujipime peke yako.
- Namba ya daktari wa mifugo anayewajua sungura. Itafute kabla hujaihitaji. Muulize kwenye simu: "Sungura mwenye maumivu huwa unampa nini?" Atakayejibu bila kusita, huyo mwandike. Atakayesema "tumchome sindano ya ng'ombe kidogo tu," mshukuru na uendelee kutafuta.

Hatua kwa hatua

1. Mkague. Kaa chini sakafuni, usisimame. Sungura akiruka kutoka mikononi mwa mtu aliyesimama anaweza kuvunjika. Mwenzio amkumbatie kifuani, mgongo wa sungura ukiegemea tumbo lake, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine umebeba makalio yote. Wewe shika mguu wa nyuma kwa upole, puliza manyoya yatengane, umulike. Mara nyingi upara umefunikwa na manyoya ya pembeni, kwa hiyo usiridhike na kutazama kwa juu. Kagua miguu yote minne, hata kama mmoja tu ndio unaokutia wasiwasi: sungura anayeumwa mguu mmoja huhamishia uzito kwenye mguu wa pili, na wa pili hufuata.

Usimnyanyue kwa masikio. Usimlaze chali kwenye mapaja ili "atulie" pia. Kule kutulia ni woga, mwili umeganda. Na akianza kurusha mateke, mwachie atue chini. Teke la nguvu huku amebanwa linaweza kumvunja uti wa mgongo.

Piga picha kila unyayo, ukiweka sarafu ileile kando yake. Bila picha, baada ya wiki utakuwa unabahatisha kama kidonda kimekua au kimepungua.

2. Amua uko wapi. Madaktari wana madaraja mengi zaidi, lakini kwa mtu wa nyumbani haya matatu yanatosha.

*Upara tu.* Ngozi ni kavu, rangi yake imepauka au ni ya waridi hafifu, haina joto, na ukiigusa sungura hashtuki. Wengi wa ndani wanacho kipara kidogo cha namna hii maisha yao yote. Fanya hatua ya 3 hadi ya 6, endelea kutazama.

*Wekundu.* Ngozi ni nyekundu, imenenepa au ina magamba, pengine ina joto, lakini haijapasuka. Hapa bado unaweza kurudi nyuma, ila ni lazima sakafu ibadilike leo.

*Ngozi imepasuka.* Kuna kidonda, kigaga, damu, usaha au uvimbe. Hii ni ya daktari. Kigaga kikavu kinawadanganya wengi: juu panaonekana pamepona, chini yake pana jipu. Usikibandue.

Tazama pia mwenendo. Akikaa huku akibadilisha miguu kila mara, akiinua vidole vya nyuma hewani, akiacha kuruka juu ya kochi alilolizoea, au akisaga meno kwa nguvu, anaumwa hata kama kidonda ni kidogo.

3. Badilisha sakafu. Hii ndiyo tiba yenyewe, kwa hiyo ifanye vizuri.

Anza na kipimo: piga goti lililo wazi mahali anapokaa zaidi, ubaki hapo dakika moja. Goti lako likilalamika, kisigino chake kinalalamika mchana kutwa. Kigae, saruji, ubao mtupu, linoliamu, vyote havipiti. Zulia fupi la nailoni nalo halipiti, ingawa watu huona ni laini. Nyuzi zake hukwaruza manyoya kila anapogeuka. Waya wa banda usiuzungumzie.

Kisha panga tabaka. Chini weka kitu kinachobonyea: blanketi zito lililokunjwa mara mbili, au ile mikeka ya povu ya kuchezea watoto. Povu ni lazima lifunikwe kabisa na kingo zake zikunjiwe ndani, maana sungura akilitafuna na kulimeza linaweza kumziba matumbo. Juu yake tandaza flisi. Flisi ina sifa moja nzuri, mkojo hupita ukaingia chini na juu hukauka upesi. Taulo lenye vitanzi vya nyuzi halifai kwa anayechimba, kucha hunasa.

Mkeka wa ukindu je? Peke yake juu ya saruji ni mgumu, lakini juu ya blanketi ni mzuri sana: unashika kucha, hauna sumu akiutafuna, na ukichakaa unatupa.

Huna haja ya kufunika nyumba nzima. Funika anapolala, anapokula, anapokusubiri ukitoka kazini, na njia anayokimbilia. Kigae kinachoteleza kwenye njia ya kukimbia ni kibaya mara mbili, maana kucha zinakosa pa kushika na yeye anajikaza kwa visigino.

Kama anaishi kwenye banda la waya na huwezi kulibadilisha wiki hii, tandika ubao juu ya waya, juu ya ubao tandika nyasi kavu unene wa kiganja, na uzibadilishe zikilowa. Ubao mtupu hunyonya mkojo, ukabaki na mnyama anayekaa juu ya unyevu.

Sasa joto. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, utatandika kila kitu vizuri na sungura ataondoka kwenye blanketi, ataenda zake kujilaza kwenye kigae. Si ukaidi. Sungura huanza kuteseka joto likipita nyuzi 28 hivi, na kigae ni baridi. Ukitaka abaki kwenye tandiko, lazima tandiko liwe la baridi kuliko kigae. Tumia shuka nyembamba la pamba juu ya mkeka badala ya flisi nzito saa za mchana. Gandisha chupa ya maji, iviringishe kwenye kitambaa, muwekee pembeni aiegemee, na uiondoe kabla haijatoa majimaji na kulowesha tandiko. Feni izungushe hewa chumbani, isimpulize usoni. Kigae kimoja kikiachwa wazi si dhambi: akijinyoosha kwa ubavu au tumbo, kisigino hakibebi mzigo mkubwa. Kinachoua nyayo ni kukaa kitako saa nyingi.

4. Choo kiwe kikavu. Sungura hukaa chooni muda mrefu kuliko unavyodhani, hasa kama nyasi zake ziko karibu (na ndipo zinapotakiwa kuwa, hula huku akijisaidia). Beseni liwe pana aweze kugeuka. Magazeti chini, nyasi nene juu. Toa iliyolowa kila siku, safisha lote mara mbili kwa wiki kwa maji na siki kidogo, likauke.

Pumba za mpunga na vumbi la mbao mimi sizipendi: moja lina ncha, jingine linaingia puani. Maranda ya fundi seremala yenye harufu kali ya mti, au ya mbao zilizotiwa dawa, yaache hukohuko kwa fundi.

5. Punguza kucha. Kucha ndefu humsukuma arudi nyuma kwenye visigino. Ana kucha 18: tano kila mguu wa mbele, ukihesabu ile ya ndani inayosahaulika, na nne kila mguu wa nyuma. Mulika kwa nyuma uone mshipa mwekundu ndani ya kucha, kisha kata mbele yake ukiacha milimita 2 au 3. Kwenye kucha nyeusi kata kidogokidogo. Ukiugusa mshipa, bonyeza konflawa hapo dakika moja hivi, itaacha kutoka damu. Rudia kila wiki nne hadi nane. Akichoka, malizia kesho.

6. Uzito na mwendo. Papasa mbavu. Zinatakiwa kuhisika bila kukandamiza. Kama huzipati, anza na bakuli: pelleti (chakula cha dukani cha vipande vilivyoshindiliwa) zisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, mkate na ugali visiwepo kabisa, ndizi na karoti viwe vya kumbembeleza tu. Nyasi ziwepo saa 24. Punguza taratibu kwa wiki kadhaa. Usimshindishe njaa sungura hata siku moja, tumbo lake likisimama ni hatari kuliko kidonda chochote.

Na atoke. Anayefungiwa kwenye kizimba kidogo hukaa kitako mahali pamoja mchana kutwa. Masaa matatu manne ya kutembea juu ya sakafu uliyoitandika yanasaidia uzito na yanasaidia damu ifike kwenye nyayo.

7. Usafi wa ngozi iliyokuwa nyekundu. Kama ngozi haijapasuka na ni safi, usiiguse. Kama ina mkojo au kinyesi, yeyusha kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Lowesha shashi, futa taratibu, kisha kausha kwa shashi nyingine hadi manyoya ya pembeni yawe makavu kabisa. Usimtumbukize mguu kwenye beseni. Unyevu uliobaki kwenye manyoya hulainisha ngozi ikapasuka. Kikausha nywele nacho kinamuunguza na kumtisha.

Mara moja kwa siku inatosha. Maji hayo hayo ya chumvi yanafaa pia kwa kidonda kilichopasuka wakati unasubiri miadi ya daktari. Ukitaka povidoni-ayodini (dawa ya kahawia ya kuua vijidudu), ichanganye na maji hadi ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi.

8. Kwa daktari. Nenda kama ngozi imepasuka, kama wekundu haujapungua baada ya wiki moja ya sakafu mpya, au kama anachechemea. Akikataa kula kwa nusu siku, nenda usiku huohuo.

Tarajia kwamba atampa dawa ya maumivu (meloksikamu hutumika sana kwa sungura), huenda akapiga eksirei kuona kama mfupa umeguswa, na kuchukua sampuli ya usaha. Usaha wa sungura ni mzito, hautoki kwa kutumbuliwa kama wa mbuzi; jipu mara nyingi hufunguliwa na kusafishwa mnyama akiwa amelazwa kwa dawa. Kidonda kirefu huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Ukiambiwa kitapona kwa siku tatu, uliza tena. Kama mjini kwako hakuna anayewatibu sungura, ulizia kwenye vyuo vinakofundishwa madaktari wa mifugo: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, au Makerere, Kampala.

Makosa yanayojirudia

*Kapsuli za amoksilini.* Hili ndilo linaloua. Amoksilini na ampisilini zikipitia mdomoni huharibu bakteria wazuri wa tumbo la sungura, anaharisha na kufa ndani ya siku chache, na mwenye sungura anadhani kidonda ndicho kilichomuua. Klindamisini na linkomisini ni hivyohivyo. Antibiotiki yoyote ipitie kwa daktari.

*Krimu za mchanganyiko.* Maduka ya dawa yanauza tyubu zenye antibiotiki, dawa ya fangasi na steroidi kwa pamoja. Sungura ataziramba, na steroidi humshusha kinga vibaya. Soma tyubu, ukiona betamethasoni (ni steroidi), rudisha.

*Dawa za maumivu za binadamu.* Usimpe diklofenaki, wala kipande cha kidonge chochote.

*Spiriti na haidrojeni peroksaidi.* Huunguza ngozi changa inayojaribu kuota.

*Dawa ya zambarau.* Inapendwa kwa mifugo, lakini ukishapaka huoni tena kama ngozi ni nyekundu au la.

*Kunyoa manyoya ya nyayo ili "kidonda kipate hewa".* Hayo manyoya ndiyo kiatu chake pekee. Daktari akipunguza kidogo kando ya kidonda, ana sababu, wewe usinyoe.

*Bandeji na soksi za mtoto.* Zikikaza zinazuia damu, zikilegea zinakusanya mkojo, na ama iwe hivi ama vile atazitafuna. Funga tu kama daktari amekuonyesha na amekwambia uifungue lini.

Mambo yakigoma

*Anakojolea kila blanketi jipya.* Kitu laini kinachonyonya, kwake ni choo. Hamishia beseni palepale anapokojolea, weka ndani yake nyasi zenye harufu yake, na flisi zibadilishwe kila siku kwa wiki ya kwanza. Kama ni mzima, hajahasiwa, na ameshabalehe, huenda anaweka mipaka yake tu; zungumza na daktari kuhusu kuhasi.

*Anatafuna flisi.* Mashimo madogo bila kumeza ni kero tu. Akimeza nyuzi, iondoe, rudi kwenye mkeka na nyasi nene, na mpe vya kutafuna: vijiti vya mpera, maboksi yasiyo na gundi wala plastiki.

*Sehemu yenye upara haioti manyoya.* Inaweza isiote kamwe. Ikiwa kavu, imepauka na haiumi, mwache. Linganisha picha kila wiki. Kinachokuhusu ni rangi na ukubwa.

*Kimepona, kimerudi.* Kakague mahali ambapo hukupafikiria: chini ya meza, mlangoni, balkoni anakopunga upepo jioni. Mara nyingi kuna kona moja ya saruji aipendayo, nawe hukuitandika.

*Kila kitu kimebadilishwa na bado kisigino kimoja tu kinaumia.* Basi tatizo huenda haliko chini ya mguu. Kiuno, goti au mgongo wenye baridi yabisi humfanya aegemee upande mmoja, na sakafu haiwezi kurekebisha hilo. Mchukulie video akitembea na akijisafisha, uipeleke kwa daktari pamoja na picha zako za kila wiki, na uombe achunguze viungo vya juu.